Kofia ya Mikono Miwili

Hayes, London

Dada yangu Mwatima,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na shemeji na watoto wazima pia. Nyumba ya Wete i hali gani, na ule upande wa paa uliokuwa ukivuja? Mimi namshukuru Mungu, ila mgongo hauniachi. Barua nampa Mardhiya, mke wa Musab, anayekuja huko kuwaona wazee wake. Kwenye simu hukosi mtu pembeni, nami nataka usome peke yako.

Bado niko ghalani na Musab, tunafunga vitu vya makumbusho visivunjike safarini. Sasa tumeletewa kofia za wanaume wa Korea ya zamani. Alikuja nazo mzee wa kwao, Bwana Yun, akatusimamia kama wezi. Kofia zenyewe nyeusi, za singa za farasi na mianzi iliyochanwa nyembamba, mwanga unapita. Hazizuii jua wala mvua. Nikamuuliza zina kazi gani. Akaniuliza na hii ya kichwani mwangu ina kazi gani. Tukacheka, na tangu hapo akawa ananieleza.

Kwao zamani mwanamume asiyeoa hakuivaa, hata awe na mvi, na watu walimsemesha kama mtoto. Kofia ndiyo iliyokwambia huyu ni nani na umwamkie vipi. Musab akasema kumbe huko Hamad angekuwa bado anatumwa dukani. Ni kweli, sina mke, na kofia zangu zote kanishonea Mama.

Halafu Bwana Yun akafungua sanduku la mwisho. Ndani yake mlikuwa na kofia ya mianzi, pana kama kawa la kufunikia chakula, inafunika uso mzima. Ya mtu aliyefiwa na mzazi. Alijiona mkosaji asiyestahili kutazama mbingu, na watu walimpisha njiani bila kumsemesha. Nikamwambia Musab hiyo desturi nzuri, maana msiba haufichwi. Musab, na mdomo wake unaujua, akaenda kufunga sanduku lililokwisha kufungwa.

Hapo nikaanza kuunganisha. Tangu Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi, nikipiga simu Mama amelala, au yuko kwa jirani, au koo linamuuma. Musab hanitanii tena, na mizigo mizito huiwahi yeye. Ijumaa msikitini watu wananishika mkono kupita salamu.

Na kofia mliyoniletea Idi. Mama akishona vitundu vya kofia huvuta uzi mpaka kitundu kinabaki kidogo kama ufuta. Wewe mkono wako mwepesi, ndiyo maana alikuwa akikusuta, "Mwatima, mumeo atavaa wavu." Kofia hii imeanza kwa ufuta, ikafika ubavuni ikawa wavu hadi mwisho. Mama hajapata kumwachia mtu kofia yangu.

Najua mnachoogopa. Karatasi zangu za ukaazi bado hazijatoka, nikipanda ndege sitarudi. Sitapanda. Lakini nataka kujua nimwombee dua ipi, ya mgonjwa au ya maiti.

Nikwambie na langu. Nilijua siku ile ile niliyoifungua hiyo kofia. Kila mkisema Mama amelala, nami nikijibu mwacheni alale, sikuwa nimedanganyika. Nilikuwa nawasaidia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa sitaki kuambiwa.

Nisalimie shemeji, watoto, na majirani wote. Mama sijui nimwandikeje. Kama yupo, mpe kitambaa chochote atie kitundu kimoja tu, umpe Mardhiya aniletee. Kama hayupo, Mardhiya arudi mikono mitupu, wala asiniambie neno. Nitaivaa kofia hii hii, niishushe mpaka kwenye nyusi, na Musab atajua kunipisha.

Mdogo wako akupendaye,
Hamad