Swala Niliyesema Nimemkosa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai kile kikohozi kimekiachia kifua chako, na kwamba Mama amepumzika kukuficha sigara kwa kuwa umeacha mwenyewe kuzitafuta. Msalimie sana. Mwambie miwani aliyoniagiza nimeipata, fremu nyekundu kama alivyotaka, ingawa nilimwonya itamfanya afanane na msichana wa shule. Kaka naye mpe salamu, yeye na wifi na yule mtoto wao anayeng'ata kila mtu. Mimi mwili mzima. Kula nakula, kazini naenda. Ila situlii, Baba. Nikikaa nasimama, na nikisimama sijui naelekea wapi. Chumba hiki nimekifagia mara mbili tangu asubuhi na bado hakijanikalia sawa. Nimeona heri niandike, maana simu ya nyumbani mnaiweka sauti ya juu, na Mama hujibu maswali yako kabla hujayasikia. Barua hii naomba uisome peke yako kwanza.

Uliniuliza safari iliyopita hii kazi mpya ni kazi gani hasa, kwa sababu majirani wanadhani nauza ngozi. Siuzi. Wawindaji wanatuletea ngozi ya kichwa na shingo, imetiwa chumvi na kukunjwa kama shati, na sisi tunairudishia sura. Bi Mkubwa, mwenye karakana, alinitoa kwenye kazi yangu ya kushona makochi baada ya kuona nilivyoshona mkono wa kiti bila uzi kuonekana. Alisema shingo ya mnyama na mkono wa kochi ni ndugu. Siku hizi nakwangua mafuta, navalisha ngozi juu ya umbo la povu gumu, nashona mshono nyuma ya shingo, naingiza midomo mahali pake kwa kijiti, nabana masikio kwa pini mpaka yakauke. Macho ni ya kioo, yamepangwa kwenye droo kwa ukubwa. Mwanzoni nilikuwa naifungua ile droo na kuifunga upesi.

Wateja wetu sikuwapenda, na sikuficha. Nilikuwa nasema hadharani kwamba mimi nimelelewa kwa nyama ya porini, kwamba baba yangu alikuwa akienda kuwinda kwa sababu sufuria ilikuwa tupu, na kwamba mtu anayeua ili apate cha kutundika ukutani ana kasoro kichwani. Bi Mkubwa alikuwa akiniambia nipunguze sauti, hao wenye kasoro ndio wanaotulipa mshahara. Basi kuna mmoja, daktari wa meno, mtu mpole, anayebisha hodi hata mlango ukiwa wazi. Siku moja alinisikia. Hakukasirika. Aliniuliza kuku niliyemla juzi alichinjwa na nani. Nikasema sijui. Akaniambia yeye anamjua kila mnyama aliyemla mwaka huu, anakumbuka alikuwa amesimama wapi, na nyama yote anakula na nyumba yake. Pembe ndizo zinazobaki, na hataki kuzitupa. Nikajifanya natafuta pini. Akasema kama nataka kujua raha yake ni nini, nisiulize karakanani, niende nikaone.

Nilikwenda. Kibali kilikuwa na jina langu, swala mmoja, dume. Wiki tatu kabla yake daktari alinifundisha kulenga boksi, na nilikuwa naona aibu jinsi nilivyoisubiri Jumamosi. Tulioingia porini tulikuwa watatu: daktari, mimi, na msoma nyayo wa shamba la wanyamapori tulikokwenda kuwinda, mzee mfupi anayetembea kama mtu anayepita chumba chenye mgonjwa. Nikwambie ukweli, sijawahi kuwa na asubuhi kama ile. Nilisikia majani, nilisikia pumzi yangu, nilijua upepo unatokea wapi kwa shavu. Kelele yote ya mjini ilinitoka kichwani. Nilijiona nina macho mawili kwa mara ya kwanza. Tulitambaa kwa magoti na viwiko karibu saa nzima, na suruali yangu ikachanika, na nilikuwa nacheka kimoyomoyo kama mtoto aliyejificha kwenye mchezo wa kibe.

Halafu yule dume akasimama ubavu, nikapiga, akaruka akatokomea kichakani. Msoma nyayo akaniuliza kama nimempata. Nikasema nimekosa. Daktari akanipiga bega, akasema hata yeye alikosa mara ya kwanza, tena alimkosa mnyama aliyekuwa amelala. Tukarudi kula. Hiyo ndiyo hadithi niliyowasimulia kwenye simu Jumapili, na nilimsikia Mama akicheka mpaka akapaliwa, na wewe ukasema afadhali swala amepona.

Baba, sikumkosa.

Bunduki ile ina darubini juu, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimeweka jicho pale. Niliuona mguu wa nyuma wa kulia ukining'inia alipokuwa akiruka, unapepea kama mguu wa suruali usio na mtu ndani. Niliuona wazi. Kisha nikaulizwa, na mdomo ukajibu kabla yangu. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, wote wawili walikuwa wananitazama, na nilijua nikisema nimempata vibaya tutashinda tunamfuata, na watajua mshonaji mwenye maneno mengi amemvunja mnyama mguu. Msoma nyayo alikwenda mpaka pale swala alipokuwa amesimama, akainama, akagusa mawe. Alinitazama kidogo. 

Jumatatu nikarudi kwenye sindano. Kila ngozi niliyoigusa niliipapasa nikitafuta kitu ambacho sikukijua. Jumanne nilimtia mnyama wa watu jicho moja kubwa kuliko jingine. Jumatano nikatoka koridoni nikampigia yule mzee, nikamwambia yote kwa pumzi moja. Nilingoja anitukane. Akaniuliza, "Mguu upi?" Nikamwambia. Akasema alijua tangu siku ile, kulikuwa na damu kwenye jiwe, kidogo, kama tone la chai. Alikwenda kumtafuta Jumamosi ileile jioni, akaenda Jumapili, hakumwona. Akasema nije kesho mapema, nivae viatu vya maana. Kwa Bi Mkubwa niliomba ruhusa nikasema jino linaniuma, naye akasema mbona rahisi, rafiki yetu daktari atanitazama bure.

Tulimpata Alhamisi kama saa nne asubuhi, ndani ya korongo kavu. Alikuwa hai. Siku tano, Baba. Alijaribu kusimama alipotuona, akasimama nusu, akakaa tena. Nzi sitakuelezea. Mzee hakunyanyua bunduki. Alinipa mimi, akaweka kidole kwenye kifua chake mwenyewe kunionyesha mahali. Nilipiga, na safari hii hakwenda popote. Mzee akampasua, akanusa, akatikisa kichwa. Uozo ulikuwa umetoka nyonga umepanda mpaka mgongoni. Hapakuwa na kipande cha kumpa hata mbwa. Tukamwachia ndege. Njiani mzee alisema nao ni walaji, wasidharauliwe. Alitaka kunifariji, sikufarijika.

Kama mambo yangeishia hapo ningeyameza na kunyamaza. Kinachonifagilisha chumba ni kingine, na sina wa kumwambia ila wewe. Alipoanguka Alhamisi, huku machozi yananitoka, kuna kitu ndani yangu kilisema: nimeweza. Nilikisikia kabisa. Sasa daktari, ambaye nimeshamweleza yote, ameniambia mwezi ujao nafasi yangu ipo nikiitaka. Sijamjibu. Nimeandika sitakuja, nikafuta. Nimeandika nitakuja, nikafuta. Sijui nikienda nitakuwa nakwenda kulipia kosa au kuitafuta tena ile asubuhi.

Wewe ulituwindia miaka yote na hukutusimulia hata mara moja. Ulikuwa ukirudi unaosha mikono, unampa Mama nyama, unakaa nje mpaka uitwe mara mbili. Kisha mwaka ule niliomaliza darasa la saba ukaiuza bunduki, na sufuria ilikuwa bado haijajaa. Kaka alipouliza, ulisema magoti hayakuruhusu tena kutembea. Nimeliamini hilo mpaka wiki hii. Lakini mwaka uleule ulipanda juu ya paa ukaezeka nyumba nzima peke yako.

Yalikuwa magoti, Baba?

Nijibu kwa mkono wako, hata mistari miwili. Miwani ya Mama naituma pamoja na hii. Mwambie asiikalie kama ile ya kwanza. Nawabusu wote, hata anayeng'ata. Mungu akutunzie pumzi.

Ni mimi mwanao,
kitindamimba wako