Chaki Mbele ya Dirisha la Shangazi

Jumatatu, 5 Mei

Hili sijawahi kumwambia mtu, hata rafiki yangu tunayemwita Redio: mwezi wa pili, Mama aliponituma zahanati, sikutibiwa. Nilipanga foleni, nikakaribia dirisha, nikageuka. Nyumbani nikasema nimepewa vidonge na vimenisaidia. Mama akamshukuru Mungu. Mimi nikaenda kuoga ili nisimtazame usoni.

Siku zangu zinakuja kama bomba lililopasuka. Siku nane, tisa. Nabadilisha pedi kila kipindi kinapoisha — hisabati, pedi, historia, pedi. Nikipanda ngazi za maktaba naona nyota mchana kweupe.

Kwa nini niligeuka? Dirishani anakaa Shangazi, dada yake Baba, na Shangazi ana sauti ya kuamsha mtaa. Kila anayefika: "Una tatizo gani? Sema nisikie!" Na benchi zima linasikia pamoja naye. Siku ile dada mmoja mbele yangu alijibu kwa kunong'ona. Shangazi akarudia: "Muwasho? Muwasho wa wapi?" Wanaume wawili wakainua vichwa kutoka kwenye simu zao. Basi. Miguu yangu iliamua yenyewe.

Nimeandika. Paa halijaanguka. Kesho nina jaribio la biolojia.

Jumanne, 6 Mei

Siku kubwa! Afisa ustawi wa jamii amekuja darasani. Mwanamke mfupi, miwani, begi limefura makaratasi. Anasema wanaitazama upya zahanati yetu: je, inawahudumia wanawake na wasichana kama wanavyohitaji, au kama ilivyozoea? (Nimeipenda sentensi hiyo. Nimeinakili nyuma ya daftari la jiografia.)

Alitaka wasichana kumi. Redio akanyoosha mikono miwili, wake na wangu. Yaani aliukamata mkono wangu akauinua! "Mchukue na Kamusi," akasema, "huyu anasoma hadi maandishi ya kwenye sabuni." Darasa likaangua kicheko. Ningeweza kummeza mzimamzima. Lakini nimo kwenye orodha, na tangu saa nane natabasamu peke yangu kama mtu aliyeokota kitu.

Alhamisi, 8 Mei

Zahanati, saa ya chai, benchi tupu. Afisa akampa kila mmoja wetu kipande cha chaki. Tembeeni kutoka getini hadi dirisha la dawa, akasema, na popote ambapo ungetamani kurudi nyumbani, chora mduara sakafuni. Hakuna kuongea.

Hakuna kuongea! Kazi imeshonwa kwa vipimo vyangu.

Nilichora mmoja mlangoni pa choo (hakuna komeo, unauzuia mlango kwa mguu). Mmoja chini ya tangazo la saa za huduma: saa mbili hadi saa nane. Saa zote tulizo darasani! Kisha nikafika dirishani kwa Shangazi — na hapakuwa na nafasi. Miduara tisa, imepandana kama povu la sabuni. Kumbe si mimi tu! Hata Redio, asiyemwogopa mkuu wa shule! Niliubana wa kwangu katikati. Nilitaka kuruka.

Hapo Shangazi akarudi na kikombe chake. "Nani kanichorea sakafu? Mnacheza mchezo gani hapa?" Afisa akamweleza taratibu. Shangazi akaihesabu miduara, midomo ikicheza bila sauti. Halafu akaniona mimi, chaki mkononi.

Akaingia ndani na kikombe chake, akaufunga mlango polepole. Shangazi, kufunga mlango polepole! Furaha yangu ikashuka hadi magotini.

Jumamosi, 10 Mei

Amekuja nyumbani. Mama kwenye cherehani, mimi nashona vifungo.

"Wifi, mwanao amenichora," akasema kabla hajaketi.

"Ni wako pia," Mama akajibu bila kuinua kichwa.

Shangazi akamimina yote. Miaka kumi na tisa pale dirishani. Kioo kina kitundu kimoja, tena chini, mtu ainame ndipo asikike. Wazee hawasikii, watoto wanalia, na yeye lazima ajue mgonjwa aende chumba gani. "Nisipouliza nibahatishe? Mwenye jino nimpeleke kwa wajawazito?"

Mama alicheka hadi uzi ukakatika. Na mimi nilicheka. Shangazi akanigeukia. "Na wewe, bibi mdogo. Mimi nakutisha?"

Nikatazama kifungo changu. "Si wewe, Shangazi. Ni benchi."

Akavuta sindano, akaanza kunisaidia vifungo. Kavishona vibaya, nimelazimika kuvifumua alipoondoka. Lakini sikujali hata kidogo!

Jumatatu, 12 Mei

Naandika mbio, mwandiko wa kuku. Nitaandika yote.

Kikao cha kamati ya zahanati, nasi wasichana tumealikwa. Wajumbe kumi na mmoja, wanawake wawili. Mwenyekiti, mzee wa suti ya kahawia, akasimama na kukohoa kidogo. "Tumesikia kilio cha akina mama na mabinti: pale dirishani hamsikilizani. Kamati haikulala!" Akafungua boksi. Ndani — kipaza sauti! Na spika mbili, moja ya kufungwa nje, juu ya benchi!

Wajumbe wakapiga makofi. Redio akaniegemea, mabega yanamtikisika. "Kamusi, sasa muwasho utasikika hadi sokoni."

Afisa alifumba macho, akayafumbua. Akauliza kama kuna binti mwenye maoni. Nikamtazama Redio. Redio akatazama viatu vyake. Na hapo — mpaka sasa sijui ni nani alisimama kwa miguu yangu — nikasema, "Hatutaki sauti iongezeke, mzee. Tunataka benchi lisitusikie."

"Sema kwa nguvu, binti!" akasema Mwenyekiti. "Hatukusikii!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Masikio yangu yalikuwa ya moto, lakini nikarudia, kwa nguvu. Mwenyekiti akatikisa kichwa. Ugonjwa si aibu, akasema, mwenye shida ya kweli hasiti.

Ndipo Shangazi akainuka, mikono kiunoni.

"Mwenyekiti, mimi nikiwa na shida ya kike napanda basi. Saa nzima, hadi zahanati ya mbali. Nafanya kazi hapa, dawa ziko hapa, na napanda basi! Kwa sababu sitaki kuulizwa pale dirishani." Akavuta pumzi. "Na anayeuliza ni mimi mwenyewe!"

Mwenyekiti akakirudisha kipaza sauti kwenye boksi polepole, kama anayemlaza mtoto. Tumepewa wiki mbili za kujaribu utaratibu wetu wenyewe, kuanzia Ijumaa!

Shangazi wangu! Nampenda mpaka nasikia njaa.

Jumatano, 14 Mei

Kadi! Ni wazo langu, nimelitoa mwenyewe, kwa mdomo wangu!

Inavyofanya kazi: kila anayefika dirishani, mwanamume au mwanamke, mzee au mtoto, anakuta kadi ileile imelala kwenye meza. Picha kumi na mbili, kila moja na namba yake. Unagusa namba yako kwa kidole. Shangazi anaandika namba ya chumba tu. Afisa alipendekeza ya wasichana iwe ya waridi. Nikasema, basi kila mtu atajua waridi maana yake nini. Akacheka, akafuta.

Picha nimechora mimi. Namba tisa ni kutoka damu kupita kiasi. Nilichora matone matatu. "Hii mvua?" Shangazi akauliza. Nikaongeza kalenda pembeni. Mkono wangu ulikuwa mzito kidogo hapo.

Pia: Jumatano na Ijumaa watafungua saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja na nusu, muuguzi mwanamke. Na choo kimepata komeo! Fundi alitumia dakika kumi. Dakika kumi! Tumeshika mlango kwa mguu miaka yote hiyo.

Ijumaa, 16 Mei

Naandika nikiwa zahanati, kwenye benchi.

Siku ya kwanza ya majaribio. Wasichana tumekuja tisa, na mama mmoja na mtoto mgongoni, na mzee mmoja aliyegusa picha ya mgongo akafurahi kama ameshinda bahati nasibu. Afisa alitaka mmoja wetu ajifanye mgonjwa ili aone mtiririko. "Wewe Kamusi, sema una kikohozi."

Nikainama dirishani. Kadi ilikuwa hapo. Kikohozi ni namba mbili. Kidole changu kikapita mbili, kikapita tano, kikatua tisa.

Shangazi akaanza kuandika, kisha kalamu ikasimama. Akaniangalia. Akainama hadi mdomo wake ukafika kwenye kitundu, akauliza kwa sauti ambayo sikujua kama anayo: "Ni ya majaribio?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

Hakuuliza tena. Aliandika chumba namba nne.

Muuguzi alinitazama ndani ya kope, akanichoma kidole, akaniuliza tangu lini. Tangu mwaka jana, nikasema. Nani anajua? Mama anadhani nilishapona, nikasema. Muuguzi hakufoka. Alisema damu yangu iko chini sana, inatibika, ila leo siendi nyumbani kabla hajafika mtu mzima wangu.

Nikarudi dirishani, nikamwomba Shangazi ampigie Mama. Akabonyeza namba, akashika simu bila kuipeleka sikioni. "Nimwambieje, mwanangu?"

Nikaichukua mimi.

"Mama, niko zahanati. Vile vidonge vya mwezi wa pili — sikupewa. Sikuingia. Nilikudanganya."

Nilisikia cherehani ikinyamaza. Kisha viatu vikitafutwa. Kisha simu ikakatika.

Ni dakika kumi na tano sasa. Kutoka nyumbani ni ishirini. Redio amekuja kuniuliza kikohozi changu kinaendeleaje, nikamwambia sina kikohozi. Akakaa kando yangu. Nikamwomba asogee kidogo. Akasogea. Nimeweka begi langu chini, ili mtu mmoja apate pa kukaa kati yetu.