Kigelegele na Taa Nyekundu

Jumapili, 10 Agosti 2025

Tumepata ukumbi. Ule wa ufukweni, wenye ngazi za kushukia ziwani. Sendofu ya Hellen wangu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, ni pale, Jumamosi ya tarehe 23, saa nane mchana, na muziki utapigwa laivu na kaka yake mwenyewe, Ndalahwa, na bendi yake ya watu watano. Nani mwingine Kiseke nzima ana binti nesi na kijana mpiga solo? Nimewaambia watu kanisani bila hata kuulizwa.

Ila nimeshtuka. Mwenye ukumbi, mzee Kahigwa, Mhaya mstaafu anayeongea taratibu kama anasoma taarifa, alituonyesha kisanduku cha kupima kelele ukutani. Kina taa tatu. Kijani, endelea. Njano, punguza. Nyekundu ikiwaka sekunde tano, kinakata umeme wa jukwaa — chenyewe! Kikikata mara ya tatu, umeme haurudi mpaka kesho yake. Anasema sauti ikipita juu ya maji haichoki. Ng'ambo kuna zahanati, wagonjwa walilalamika, akafungiwa miezi miwili.

Halafu akamgeukia Ndalahwa. Wakimaliza shughuli hii umeme upo, bendi itapiga pale kila Jumapili mwaka mzima. Ukizimika kwa hiyo mara ya tatu, asirudi. Mwanangu kwa furaha akamwamkia shikamoo mara ya pili.

Jumanne, 12 Agosti

Mazoezi sebuleni kwangu. Mpiga dramu katandika kanga yangu juu ya ngoma. Wanapiga huku wanaongea, na wanasikilizana. Bendi kama inabembeleza mtoto! Nikamuuliza Ndalahwa kama huo ndio muziki wa sendofu. Akasema kupiga kwa nguvu kila mtu anaweza. Nimeandika hiyo kwa sababu ni maneno ya mtu mzima.

Jumamosi, 16 Agosti

Sijui nianzie wapi. Leo tumekwenda kujaribu mitambo ukumbini, mimi, wifi yangu Sabina na bendi. Nyimbo tatu, taa ya kijani. Njano iliwaka kidogo ikazimika. Mzee Kahigwa amekunja mikono, anatazama kisanduku, si bendi. Wa nne ukawa ule wa kumwingiza Hellen. Ndalahwa alipoanza solo nikawa kama namwona Hellen anaingia amependeza, nikasahau nilipo. Nikapiga kigelegele.

Nyekundu. Spika zikanyamaza katikati ya solo. Feni ya jukwaani ikazunguka taratibu, ikasimama. Namba kwenye kisanduku: 103.

Mzee Kahigwa akavua miwani.

"Mama, hiyo ni wewe peke yako?"

"Ni mimi."

"Hukushika maiki?"

"Ya nini?"

Sabina akadakia: "Mzee, huyu akipiga kwetu, makonda wa stendi ya Buzuruga wanageuza shingo." Tukacheka, hata mzee. Bendi nzima, dramu na magitaa, haikufika tisini. Mimi mia na tatu, kwa koo tu, na nimezaa watoto wawili na miaka hamsini na tatu juu. Mpaka sasa siamini.

Ila Ndalahwa hakucheka.

Jumapili, 17 Agosti

Kaja baada ya misa. "Mayu," akaanza. Akiniita mama kwa Kisukuma ujue anaomba. Siku hiyo nisipige. Hata kimoja.

Nikasema basi nitapiga kifupi. Akatoa simu, akaweka saa. Haya, jaribu. Nikatafuna tangawizi, nifanyavyo siku zote kufungua koo, nikapiga. Mara ya kwanza sekunde kumi na moja. Ya pili tisa. Hakikatiki katikati, ni kama kuzuia chafya iliyokwishafika puani. Mara ya tatu jirani akakipokea uani kwake, na wa nyuma yake naye akapokea, wala hawajui kuna nini. Ndiyo kawaida yake, kigelegele hakiachwi yatima. Ndalahwa akazima simu. "Umeona?"

Nimeona. Nimeahidi kwa mdomo wangu huu.

Nimewapigia mabinti wangapi wa watu! Wengine wazazi wao hata hatusalimiani vizuri. Zamu ya wangu ndiyo nifunge mdomo. Nimeduwaa mpaka maharage yameungua.

Jumatano, 20 Agosti

Nimewatangazia shangazi na mama wadogo kwenye grupu. Hakuna vigelegele, tutapunga leso nyeupe.  Halafu mdogo wangu Dorcas wa Mkolani akarekodi sauti: "Dada, tunaomba kuuliza. Tunamwaga binti au tunamzika?"

Nikamjibu kwamba kazi ya Ndalahwa ni kazi ya ukoo.  Hellen sijamwambia. Yuko zamu mpaka Ijumaa, kaka yake kasema tusimsumbue.

Ijumaa, 22 Agosti

Leso sabini zimepigwa pasi. Kazi ya kijinga kuliko zote nilizowahi kufanya.

Jumamosi, 23 Agosti

Saa kumi kasoro. Naandika huku huku ukumbini, chumba cha kuvalia. 

Tuliwaambia wote — wakwe hatukuwaambia. Wametoka Muleba tangu alfajiri, wameingia getini wanaimba, na mashangazi wa bwana harusi wakapiga vigelegele vya Kihaya mpaka ndani. Nyekundu. Umeme ukakatika. Mara ya kwanza. Nilisimama na leso yangu kama trafiki.

Umeme ukarudi. Dorcas akasema hawezi kushindwa na wageni nyumbani kwake. Akawajibu. Mara ya pili! Nilitaka ardhi inimeze. Mzee Kahigwa akahamishia kiti chake chini ya kisanduku, akakaa pale.

Wakwe wakaelezwa, wakatulia. Ndalahwa akapiga, chini chini, kila neno linasikika, na mkwe wangu mkubwa akauliza kijana huyu ni wa nani. Ni wangu, nikasema.

Kisha wimbo wa Hellen. Milango ikafunguliwa. Leso sabini juu, watu kimya. Mwanangu akasimama pale mlangoni na gauni lake la bluu. Akangoja. Wimbo ukaisha, Ndalahwa akauanza upya. Hajaingia. Nikamfuata.

"Mama, nimekosa nini?"

Jamani.  Hakusikia kigelegele changu, akadhani sijambariki.

Nikamwambia ni kisanduku. Akakitazama, akanitazama. "Umempigia mpaka binti wa mwenye mashine ya kusaga. Mimi niingie kwa wakwe kimya, kama nimeokotwa?" Machozi yakaanza. Nyuma yangu wakwe wote wanaangalia. Kule jukwaani Ndalahwa anapiga huku macho yako kwangu, na kichwa anakitikisa kidogo tu: hapana.

Nikasema poda imeharibika, nikamvuta huku. Sabina anampangusa. "Dakika tano," kasema. Nikaona bora nishike kalamu kuliko kumtazama mtoto.

Hellen yuko mbele yangu kwenye kioo. Haniangalii. Kwa nje wimbo ni uleule, sijui mara ya ngapi sasa, vidole vya Ndalahwa havijateleza hata mara moja. Anapiga vizuri huyu mtoto. MC ameita tena, mama mzazi atuletee binti yetu. Sabina ameweka poda chini, ameshika kitasa, ananiuliza kwa macho.

Sijaamua. Namwambia Mungu sijaamua. Ila mkono wa kushoto umeshaingia kwenye mkoba wenyewe, umetoa kipande cha tangawizi, na nikijisikiliza, ninatafuna