Sindano Kwenye Majani ya Hoho

Gisenyi, 9 Mei 1999

Kaka yangu mpendwa Faradji,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kigoma, na mguu wa baba mdogo unaendelea kupona. Sisi hatujambo. Mama anauliza kama unakula, maana picha uliyotuma imemtia wasiwasi; mimi naona umenenepa.

Nyumba yako ya plastiki kule Nyakiriba bado imesimama, ila hoho, kama nilivyokuandikia mwezi uliopita, zimejaa vidukari, wale wadudu wanaofyonza majani. Majani yamejikunja na yananata. Vile vidudu vyekundu vyenye madoa, ulivyovileta ili viangamize vidukari, nilivitunza kama ulivyoniagiza.

Kisha nikaona vingine vyeusi, virefu, vyenye miiba na sura mbaya. Kila adhuhuri niliacha cherehani yangu nikapanda kule kuvitoa kimoja kimoja kwa ncha ya sindano, kama ninavyofumua mshono mbovu. Unanijua, nikishika kazi siachi. Kadiri nilivyoviua, vidukari vilizidi.

Kimoja nilikitia kwenye chupa pamoja na jani, uje umwone adui yako. Kikala vidukari vyote, kikajibandika kwenye kioo, kikatulia. Baada ya siku chache kikatoka chekundu, chenye madoa. Kaka, nilikuwa nimeua watoto wa vile vile nilivyovitunza.

Nilipaswa kukueleza siku ile ile. Badala yake nilikuandikia kwamba Mukandutiye, mama anayekulimia, alipuliza dawa kwa siri ikaua vidudu vyako. Nilidanganya. Hukuwahi kunikabidhi kitu chako kabla ya hapo, nikaogopa. Ukajibu aondoke, naye akabeba jembe lake akaenda.

Jana nilimfuata kwao Kanzenze kumwomba radhi. Alinipa viazi na maharage, nikala kwa aibu. Alisema alijaribu kunionya siku ya kwanza ya sindano, nikamjibu kuwa mimi ndiye dada wa mwenye shamba. Ni kweli, nilijibu hivyo. Nilipomuuliza mbona hakujitetea, alisema, “Mi ningesema nini? We na kaka yako muko damu moja.”

Hataki kurudi kwa neno langu. Majirani walisikia amefukuzwa kwa barua yako, anataka wasikie amesafishwa kwa barua yako.

Nigombeze utakavyo, ila kwanza mwandikie yeye, na jina langu ulitaje wazi. Hajui kusoma. Nitaipeleka mwenyewe, na nitamsomea kwa sauti mbele ya majirani wote.

Msalimie baba mdogo. Mama anakuombea dua kila swala, nami pia.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Saidati