Beseni la Maji Kando ya Kitanda

Mama wangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Magoti yako je? Huku mimi ni mzima wa mwili, lakini nimechoka, mama, nimechoka mpaka kuchana nywele naona ni kazi. Barua hii nimempa dada Odile wa kanisani, anayerudi Likasi, na nimemwomba akusomee yeye mwenyewe, mlango umefungwa. Tafadhali mdogo wangu Trésor asikusomee, hata akikubembeleza. Ni habari ya nyumba yetu, na ya uhai wako na wake.

Bado nasafisha ile minara. Nilikuambia mji huu wa pwani umezungukwa na ukuta wa zamani za wafalme, waliotaka bandari isichukuliwe na maadui. Kitanda chako na changu, ukivipanga kimoja mbele ya kingine, vinaingia katika unene wake. Minara ni ya duara, kwa sababu pembe ni rahisi kubomoa. Juu ya lango kuna tundu la kuwaangushia watu mawe vichwani. Leo bahari imerudi nyuma ikaacha mchanga, na wanaoingia langoni ni watalii na aiskrimu zao. Zinadondoka kwenye ngazi, na nani anapangusa? Binti yako. Upepo wa chumvi umenipasua midomo, na bosi ananiambia nifurahi, eti nafanya kazi mahali pazuri. Afurahi yeye.

Chini ya mnara mmoja kuna shimo lililofunikwa kioo, nami nakifuta kila asubuhi. Mwongozaji wa watalii husimama pale kueleza, mimi nimeshika ndoo yangu, nasikia. Anasema mnara wa kwanza haukuangushwa kwa ngazi wala kwa mawe makubwa. Uliangushwa na wachimbaji. Walianzia mbali, wakaja chini kwa chini wakishikiza udongo kwa miti, na walipofika chini ya mnara wakaichoma ile miti. Mnara ukashuka shimoni na watu waliokuwa ndani. Huu tunaousafisha ni wa kujengwa upya. Chini ya kioo, alama za sururu bado zinaonekana.

Juma lililopita Trésor alinitumia picha kwenye simu. Alama zilezile. Akanipigia mimi dada yake, furaha tele: “Yaya, usiambie mama. Niko chini ya chumba yake kabisa, ndio kule mali iko. Haiko na hatari, tumeweka miti.”

Mama, shimo linaanzia nyuma ya choo cha jirani na linakwenda mpaka chini ya kitanda chako. Kwenye machimbo ya madini ya Kamatanda wamefukuzwa, yale ya Shinkolobwe anaogopa askari, basi akaona achimbe nyumbani. Nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka. Akacheka. “Weye uko napangusa kioo ya bazungu, yaya. Uache miye nitafute.” Akataka niape kwamba nitanyamaza. Sikuapa.

Halafu Jumapili ukanipigia wewe. “Mutoto wangu, bikombe biko nalia byenyewe mu kabati. Pepo iliingia mu hii nyumba.” Ukaniambia mama pasta analeta wanamaombi wafunge na kuomba chumbani kwako. Kundi zima, mama, na unajua wanavyorukaruka wakishukiwa na Roho! Nilitaka kupiga kelele, lakini simu ni ya Trésor, na nilimsikia akikohoa karibu yako. Nikasema amina. Nikakaa kwenye ngazi za wafalme nikalia, mpaka mtalii mmoja akaniuliza kama nimeanguka.

Si pepo, mama. Ni Trésor.

Baba alijenga nyumba ile kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe, Mungu amrehemu, lakini msingi wake haufiki gotini. Tuliuruka tukicheza. Mnara wa wafalme ulianguka, ukuta wetu utangoja nini?

Wanamaombi waombee uani. Wewe hamia kwa mama mdogo leo hii, usikae kupanga vyombo. Na kama unadhani uchovu umenichanganya akili, fanya walivyofanya watu wa mji huu: walitandaza mabeseni ya maji chini, kando ya ukuta, wakayatazama. Maji yakitetemeka, walijua kuna mtu anachimba. Weka beseni kando ya kitanda saa ile Trésor anapokuaga kwamba anakwenda mjini. Utaona mwenyewe.

Wale wa zamani wakishajua, walichimba kumfuata adui wakamwulia humohumo. Sisi kule chini hatuna adui. Maji yakitetemeka, toka nje kwanza, nenda mpaka mdomo wa shimo, umwite kwa lile jina la utoto ulilomwitia chakula. Akilisikia hilo atakuja.

Nisalimie mama mdogo, mwambie akutandikie karibu na mlango. Nisalimie mama pasta, asinikasirikie, maombi nayahitaji kuliko jana. Jirani mwenye choo mwambie nimemsalimu, na kwamba nina maneno naye. Na Trésor, mwogeshe ule udongo kama zamani, mpe bukari ashibe, halafu umpige kwa niaba yangu.

Lakini kwanza atoke.

Binti yako,
Clarisse