Karanga za Mtani

Isikizya, Jumanne usiku

Na bado ananiita mwizi! Tangu nipatwe na kiharusi, mkono wangu wa kulia umelegea. Hospitali ya mjini ni mbali, kwa hiyo mtaalamu wa mazoezi alimfundisha jirani yangu, Mama Neema, anisimamie nyumbani. Mtaalamu hakujua kwamba mama huyu ni Mgogo, mtani wangu.

Ananivisha soksi mkono ulio mzima ili niutumie huu uliolegea, ananiwekea karanga. "Haya Mnyamwezi, usipookota nakula mimi." Anakula kweli! Jana alimaliza bakuli, nami nikalala na hofu kwamba mkono huu ndio basi tena.

Leo alipoinyakua karanga ya mwisho, vidole vyangu vikamkamata mkono. Vikakataa kuachia.

"Mwizi!" akapiga kelele, machozi yanamtoka kwa kicheko.

Mwizi mimi! Karanga nimempokonya nikaila, tena kwa mkono wa kulia.