Msuli wa Baba

Plovdiv, Jumanne

Kwako kaka Ognyan,

Cheri za uani zimeiva, na kunguru wanazila kabla yetu. Paka wa Baba bado analalia viatu vyake.

Nimesikia umemkubalia profesa wa hospitali kwa simu wamtoboe Baba koo ili mashine impumulie kupitia hapo, kisha apelekwe kwenye kituo cha wasiopona. Mimi sikukubali.

Profesa alinionyesha picha ya altrasaundi, akasema msuli wa kupumulia, ule ulio chini ya mbavu, haukazi tena. Nikamuuliza mashine ya kupumulia ilikuwa ikimsaidia Baba kiasi gani alipompima.

"Kama kawaida," akasema.

Yaani mashine ilikuwa ikimpulizia hewa yote. Msuli ungekaza kwa kazi gani?

"Binti, una mwaka mmoja tu wa udaktari," akaniambia. "Tena wewe ni mwanawe. Huoni vizuri."

"Basi tazama wewe, Profesa."

Jana asubuhi akapunguza msaada wa mashine mwenyewe, akaweka kipimo cha altrasaundi kwenye mbavu za kulia za Baba. Baba alipovuta pumzi, msuli ulinenepa pale kwenye skrini, yaani ulikaza. Profesa alirudia mara tatu. Muuguzi Vaska akaninong'oneza, "Mzee mbishi huyu, kama bintiye."

Leo amepumua nusu saa bila msaada. Kesho huenda akashindwa, sikufichi. Lakini karatasi ya ridhaa uliyoituma baada ya simu nimeichana, na ukituma nyingine nitaichana. Ukitaka atobolewe, panda ndege uje umwambie ukimtazama machoni. Ameshayafumbua.

Dada yako, nisiyeomba radhi,
Rumyana